Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Somo: Nehemia, sura ya 3

 

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni sura ambayo wengi huiruka. Imejaa majina magumu kutamka, na hakuna muujiza ndani yake. Lakini ukiisoma polepole utaona jambo kubwa. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, kazi haikuachiwa mafundi peke yao. Makuhani walijenga. Wafua dhahabu walijenga. Watengeneza manukato walijenga. Mtu mmoja alijenga pamoja na binti zake. Na wengi wao walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Wako pia wakuu wa Tekoa waliokataa kutia shingo zao kazini, na habari zao nao zimeandikwa hapo hapo.

Leo nataka tuitazame shule kwa mfano wa ukuta huo. Nimechagua habari za shule za msingi za Wakatoliki katika nchi ya Marekani. Huenda mtu akauliza, sisi Waprotestanti tuna haja gani na shule za Wakatoliki, tena za ng'ambo? Nina sababu mbili. Ya kwanza, katika nchi ile wazazi wengi waliokuwa maskini walijenga maelfu ya shule, karibu bila msaada wo wote wa serikali. Ya pili, Waprotestanti wenzetu wamo ndani ya habari hiyo, na si kila mahali wametajwa kwa sifa.

Tuanze na mama mmoja. Elizabeth Ann Seton alizaliwa mwaka 1774 katika jamii ya Waanglikana. Aliolewa na mfanyabiashara, wakapata watoto watano. Biashara ya mumewe ikaanguka, kisha mume akashikwa na ugonjwa wa kifua, akafa Italia mwaka 1803. Mjane huyo akarudi New York na watoto wa kulea na mkono mtupu. Mwaka 1805 alijiunga na Kanisa Katoliki, na baadhi ya jamaa na rafiki wakamwepuka. Mwaka 1809 alihamia Emmitsburg, kijiji cha jimbo la Maryland, akaanzisha shirika la masista. Mwaka 1810 akafungua shule ya wasichana ambamo watoto maskini wa mahali pale walisoma bila malipo. Wasichana wa bweni, ambao wazazi wao walikuwa na uwezo, walilipa karo, na karo hiyo ikasaidia kazi yote.

Angalieni, ndugu zangu, kwamba mwanzilishi huyu alikuwa mzazi kabla ya kuwa sista. Watoto wake mwenyewe walikuwa pamoja naye katika kazi ile, na wawili kati ya binti zake walifia huko huko, mmoja mwaka 1812 na mwingine mwaka 1816. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1821. Shule ile ilianza kama nyumba ya mama mjane iliyofungua mlango wake kwa watoto wa jirani.

Katika jimbo lilo hilo la Maryland, mjini Baltimore, alikuwako mwanamke mwingine, mweusi wa ngozi, jina lake Mary Lange. Alikuwa amefika hapo pamoja na wakimbizi waliotoka visiwa vya Karibi. Wakati huo watu weusi wengi wa Maryland walikuwa watumwa, na utumwa haukukoma katika jimbo lile mpaka mwaka 1864. Watoto weusi waliokuwa huru hawakuwa na shule ya umma ya kuwapokea. Mary Lange na mwenzake walikuwa wakifundisha watoto hao ndani ya nyumba yao. Mwaka 1828 shule ikafunguliwa rasmi kwa msaada wa padre Mfaransa, na mwaka 1829 wanawake wanne weusi wakaweka nadhiri, wakawa shirika la kwanza la masista wenye asili ya Afrika katika nchi ile. Padre aliyewasaidia alipokufa mwaka 1843, siku ngumu zikaja. Masista wakafua na kushona nguo za watu ili mlango wa shule usifungwe. Na wazazi, watu huru lakini wenye mapato madogo, wakaendelea kuwaleta watoto wao. Shule iliyotokana na kazi ile ingaliko Baltimore hata leo.

Sasa tufike mahali panapotuhusu zaidi. Katika miaka ya 1830 na 1840 meli zilileta Marekani watu wengi kutoka Ayalandi na Ujerumani, na wengi wao walikuwa Wakatoliki. Shule za umma zilikuwa zinaanza kuenea. Shule hizo zilisemekana kuwa za watu wote, lakini kwa desturi zilikuwa za Kiprotestanti. Kila asubuhi watoto walisomewa Biblia ya tafsiri ya Mfalme James, na vitabu vingine vya kusomea viliwasema Wakatoliki vibaya. Mwaka 1842 askofu wa Philadelphia, Francis Kenrick, aliwaandikia wasimamizi wa shule akiomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kusoma Biblia ya tafsiri ya kanisa lao. Wasimamizi wakakubali kwamba mtoto asilazimishwe kinyume cha mapenzi ya wazazi wake. Lakini uvumi ukaenea mjini kwamba Wakatoliki wanataka kuiondoa Biblia shuleni. Hasira ikapanda. Mwezi wa Mei mwaka 1844 watu walipigana mitaani kwa siku tatu, nyumba za wahamiaji zikachomwa, na makanisa mawili ya Kikatoliki, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino, yakateketea. Mwezi wa Julai ghasia zikarudi. Watu wengi wakapoteza maisha.

Ndugu Waprotestanti, tulifikirie jambo hili kwa unyenyekevu. Waliochoma makanisa yale walisema wanaitetea Biblia. Lakini Biblia haitetewi kwa kiberiti. Jambo lililoombwa lilikuwa dogo, kwamba mzazi asikilizwe kuhusu imani ya mtoto wake mwenyewe. Kama mzazi wa Kiprotestanti angeomba neno hilo hilo katika nchi ya Wakatoliki, tungesema ana haki. Kipimo tunachotaka kupimiwa, na tuwapimie wengine hicho hicho.

Baada ya moto ule, Wakatoliki wengi waliona hawana budi kujenga shule zao. Mwaka 1852 Philadelphia ilipata askofu mpya, John Neumann, ambaye mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Bohemia. Yeye hakuacha kila parokia ihangaike peke yake. Aliunda halmashauri ya shule, makasisi wakikaa pamoja na walei waliotoka parokiani, na idadi ya shule ikaongezeka upesi kabla ya kifo chake mwaka 1860.

Kisha, mwaka 1884, maaskofu wa Marekani walikutana Baltimore katika baraza kuu. Wakaagiza kwamba karibu na kila kanisa la parokia ijengwe shule katika muda wa miaka miwili, na kwamba wazazi wapeleke watoto wao huko, isipokuwa pawe na sababu ya kutosha. Kuagiza ni rahisi. Nani angelipa? Wakatoliki wengi wa siku zile walikuwa vibarua wa reli, wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwanda, na wasichana wa kazi za nyumbani. Tena walikuwa wakilipa kodi ya kuendesha shule za umma ambazo watoto wao hawakuzitumia. Basi wakabeba mizigo miwili. Walitoa senti zao katika sadaka ya Jumapili. Akina mama walipika na kushona vitu vya kuuza katika masoko ya hisani ya parokia. Waashi na maseremala walitoa nguvu zao. Mara nyingine parokia ilijenga nyumba moja ya ghorofa, shule ikatumia upande mmoja na ibada ikafanyika upande wa pili, kwa kuwa fedha hazikutosha majengo mawili. Sisi hapa Kenya tunaijua kazi ya namna hiyo, nasi tunaiita harambee.

Kila kabila la wahamiaji lilitaka shule yake. Wapolandi walijenga, Wajerumani walijenga, Waitalia na Wacheki walijenga. Mtoto alijifunza sala kwa lugha ya mama yake, na hesabu na Kiingereza kwa ajili ya nchi mpya. Shule ikawa mahali pa jamii nzima. Hapo wazazi walikutana, hapo mgeni aliyeshuka melini aliuliza habari za kazi, hapo wajane walisaidiwa.

Hata hivyo, wasikilizaji, ni lazima nitaje watu ambao bila wao shule zile zisingesimama, nao ni masista. Maelfu kwa maelfu ya wanawake waliacha kuolewa, wakafundisha kwa posho ndogo iliyokuwa mbali sana na mshahara wa mwalimu wa kawaida. Mara nyingi darasa moja lilikuwa na watoto 50 au 60. Jengo lilitokana na jasho la wazazi, lakini kazi ya kila siku ilibebwa na wanawake hawa. Neno hilo tulishike, maana tutalirudia.

Basi mwaka 1889 jambo la ajabu likatokea katika jimbo la Wisconsin. Serikali ya jimbo ilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Bennett. Sheria hiyo ilidai kwamba shule zote, hata za makanisa, zifundishe masomo makuu kwa Kiingereza, na ikaweka mkono wa serikali juu ya mahali mtoto anaposoma. Wajerumani Wakatoliki hawakuipenda. Lakini Wajerumani Walutheri nao walikuwa na shule zao za kanisa, nao hawakuipenda. Watu hawa walikuwa wametengana tangu siku za Martin Luther. Hawakushiriki meza moja ya Bwana. Lakini juu ya haki ya baba na mama kumlea mtoto katika imani yao, walisimama pamoja. Katika uchaguzi wa mwaka 1890 gavana aliyeitetea sheria ile alishindwa, na mwaka 1891 sheria ikafutwa.

Jaribu kubwa zaidi lilikuja katika jimbo la Oregon. Mwaka 1922 wananchi walipiga kura wakapitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wenye umri wa miaka 8 hadi 16 kusoma katika shule za umma tu. Miongoni mwa walioipigania sheria hiyo walikuwamo watu wa Ku Klux Klan, kundi lililowachukia watu weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Kama sheria ile ingeanza kutumika mwaka 1926 kama ilivyokusudiwa, shule za msingi za makanisa yote zingefungwa. Shirika moja la masista likaenda mahakamani, na shule moja ya binafsi isiyo ya kanisa ikafanya vivyo hivyo. Waadventista wa Sabato, Waanglikana wa Marekani na Wayahudi walipeleka hoja zao za kuwaunga mkono. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba serikali ina haki ya kukagua shule na kudai walimu wawe watu wema, lakini haina mamlaka ya kumnyang'anya mzazi uamuzi wa mahali mtoto wake atakaposoma. Mtoto si mali ya serikali. Walio na wajibu wa kumlea na kumwandaa ndio walio na haki ya kumwongoza.

Sikieni vizuri hukumu hiyo. Haki imefungwa pamoja na wajibu. Anayedai haki ya mzazi na hafanyi kazi ya mzazi, anadai nusu ya neno.

Shule zile zikaendelea kukua. Mwaka 1965 zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5, na wengi wao walikuwa katika shule za msingi. Kisha zikaanza kupungua, na leo wanafunzi hawafiki milioni 2. Kwa nini? Sababu ni nyingi. Familia zilihama mitaa ya zamani ya mjini. Watoto wanaozaliwa walipungua. Shule za umma hazikuwa tena na sura ya Kiprotestanti kama zamani. Lakini sababu moja inatufundisha sana. Masista walipungua. Walimu walei walipochukua nafasi zao, ilibidi walipwe mshahara wa kulisha watoto wao, na hiyo ilikuwa haki yao. Karo ikapanda, na parokia nyingi maskini zikashindwa. Ndipo ilipojulikana kwamba kwa miaka mingi gharama halisi ya shule ilikuwa imefichwa chini ya migongo ya wanawake wasiolalamika.

Na jambo jingine likaonekana. Kwa muda mrefu wazazi walikuwa wametoa fedha na nguvu, lakini padre ndiye aliyeamua mambo yote. Mzazi aliitwa kuchanga, hakuitwa kushauriana. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Baada ya hapo halmashauri za shule zenye walei zikaongezeka, na zile shule zilizobaki zikatafuta njia ya kuwaweka wazazi ndani ya kazi, wala si mlangoni pa ofisi ya karo tu. Leo karibu walimu wao wote ni walei, na katika miji mingi wako wanafunzi wasio Wakatoliki, wengine wakiwa Waprotestanti weusi ambao wazazi wao wanajinyima ili wasome hapo.

Basi, ndugu msikilizaji, tujifunze nini?

La kwanza, shule ya kanisa husimama juu ya nyumba za watu. Kibao cha langoni chaweza kuandikwa jina la mtakatifu au la misheni, lakini nyumba zikilegea, kibao hakitashika ukuta. Hapa kwetu, tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa zilikwenda chini ya serikali, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Kuna Mkristo aliyesema moyoni, "Sasa shule ni ya serikali, mimi nimepumzika." Mwingine akasema, "Shule ni ya kanisa, mchungaji ataangalia." Mwalimu naye akasema, "Mtoto ni wa mzazi." Na mtoto akabaki katikati, kila mmoja akimwelekeza kwa mwingine. Nehemia hakuuliza ukuta ni wa nani. Aliuliza nani anajenga.

La pili, mtu akiitwa kubeba mawe, aitwe pia kusikia mashauri. Wazee wa kanisa na wakuu wa shule, msiwaite wazazi siku ya michango peke yake. Waiteni siku ya furaha. Waiteni mwulize mtoto anaendeleaje nyumbani, analala saa ngapi, ni nani anayeomba naye. Baba asiyejua kusoma aweza kujua mengi juu ya mwanawe ambayo mwalimu hayajui.

La tatu, tusiwakandamize wachache kwa sababu wananyamaza. Liko kanisa ambalo shule yake ya Jumapili inabebwa na mama mmoja kwa miaka mingi. Iko shule ambayo mwalimu mmoja mwenye moyo hufanya kazi ya watatu. Tunamsifu sana, na kumsaidia hatumsaidii. Siku atakapochoka tutashangaa kuona kazi yote imeanguka. Waamerika wale walichelewa kuyaona hayo. Sisi tumekwisha kuambiwa.

La nne, ukuta wa kulinda watoto usiwe ukuta wa kuchukia jirani. Katika vijiji vyetu shule ya Kiprotestanti na shule ya Kikatoliki mara nyingi hutazamana ng'ambo ya mto mmoja, na zamani watoto walifundishwa kudharauliana kabla hawajajua hata maana ya majina hayo. Walutheri na Wakatoliki wa Wisconsin hawakuacha imani zao, lakini walitambua kwamba mzazi wa upande wa pili anampenda mwanawe kama wao. Je, shule ya Wakatoliki iliyo karibu nawe ikianguka paa kwa mvua, wewe utafurahi, au utabeba bati?

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Mungu aliwaagiza Israeli wawafundishe watoto wao amri zake wakiwa wameketi nyumbani na wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hapo hakutaja jengo la shule. Alitaja nyumba, njia, kitanda na asubuhi. Shule njema huja kuongeza juu ya hayo. Haiwezi kuyaweka ikiwa hayapo.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, mwite mtoto wako. Litazame daftari lake, hata kama huwezi kulisoma. Mwulize amejifunza nini, kisha omba pamoja naye. Hiyo ndiyo sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yako, wala hakuna mtu mwingine atakayekujengea.

Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni, twakushukuru kwa akina mama na akina baba wa zamani waliojinyima ili watoto wapate kujua kusoma na kukujua wewe. Utusamehe kwa chuki tuliyowatendea wengine kwa jina lako. Uwatie nguvu walimu wote, wa shule zetu na za jirani zetu. Utupe mikono isiyokataa kazi, kila mmoja wetu mbele ya nyumba yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.